Mama Dactylo na Vipimo Vyake

Mama Dactylo hakujua kukaa. Aligusa ukingo wa kiti tu, goti moja limeelekea mlangoni, na ukimkaribisha chai aliinywa amesimama, akizunguka atelye yangu ya useremala na kikombe mkononi, akigonga mbao kwa kidole, akiuliza huu ni mti gani, ule umekauka tangu lini, msumari huu umepigwa upande huu kwa nini. Kikombe alikiacha popote wazo jipya lilipomkuta. Mke wangu alikuwa akiviokota juu ya marundo ya mbao, na mara moja ndani ya jeneza ambalo nilikuwa sijalimaliza.

Jina lake la ubatizo lilitumika kanisani tu. Alikuwa amepiga mashine ya kuandika zaidi ya miaka ishirini, kwanza katika bureau ya serikali, halafu, serikali ilipokuwa kitu cha kusikia redioni, katika depo ya mfanyabiashara mmoja wa chumvi na vitenge hapa Butembo, hatua chache kutoka kwangu, karibu na mto Kimemi. Kwa hiyo watoto, mapadri, wanajeshi, wote walimwita Mama Dactylo. Mimi aliniita Menuisier, yaani seremala, hata siku alipokuja kunipa pole kwa kifo cha baba yangu.

Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa havitulii zaidi. Akikusikiliza, viliandika juu ya paja lake kila unachosema. Mke wangu aliwahi kumuuliza, akasema hajui, ni mazoea. Katika miaka ile alikuwa na cha kuandika. Kila kundi lililoshika mji lilikuja na muhuri wake, na kila muhuri mpya ulimletea barua zile zile zenye kichwa kipya: ruhusa ya kupita, ruhusa ya kupakia, ruhusa ya kufungua duka ambalo mwenyewe alikuwa amelifungua tangu zamani. Alikuwa akiniambia, "Menuisier, mwaka huu nimebadilisha serikali mara tatu, na karatasi iko ile ile."

Kompyuta ilifika depo katika mzigo wa vitu vilivyokwisha tumiwa, ambavyo patron wake alivileta kutoka Dubai kupitia Kampala: friji, matairi, mashine za kushona, na masanduku matatu yenye vumbi. Kompyuta mbili hazikuwaka. Ya tatu iliwaka, na patron akaiweka mezani kwa Mama Dactylo, akamwambia aache ile mashine yake ya chuma. Alinuna wiki nzima. Halafu siku moja, akitafuta pa kuandikia barua, akafungua alama asiyoijua. Kioo chote kikawa cheusi, na msalaba mwembamba mweupe ukawa unatembea kila alipousogeza mkono.

Mwenye kompyuta ile, huko ilikotoka, alikuwa mchora majumba, na aliiuza bila kufuta kitu. Ndani mlikuwa na programu ya kuchora kwa vipimo, ya Kifaransa, pamoja na michoro yake yote. Kulikuwa na nyumba ya ghorofa yenye bwawa la kuogelea, ngazi ya kuzunguka, na jiko lenye makabati kumi na mawili. Kitabu cha kufundisha hakikuwamo, na Butembo nzima hakukuwa na mtu wa kuuliza. Mama Dactylo alijifunza kwa kuibomoa ile nyumba. Alifuta mstari mmoja, akatafuta namna ya kuurudisha ulivyokuwa. Akifaulu, alifuta miwili. Ile ngazi ya kuzunguka ilimchukua mwezi na zaidi. Alikuja atelye macho mekundu, akachukua kipande cha chaki, akaanza kunichorea ngazi sakafuni na kubishana na mtu asiyekuwepo.

"Alianzia wapi?" alikuwa akisema. "Hii duara, alianzia wapi? Mutu hawezi anza fasi yote, pahali pote, mara moja."

Kulikuwa na njia mbili za kuiamrisha ile programu. Unaweza kushika souris, kile kipanya, na kutembeza msalaba, ama unaweza kuandika chini ya kioo, herufi moja na namba: mstari, kutoka hapa, mpaka pale. Baadaye niliona vijana waliosomea kazi hiyo Kampala, wakisogeza souris kama mtu anayepapasa ukuta. Yeye aliandika tu. Miaka ishirini ya barua ilikuwa imekaa mikononi mwake. Aliangalia kipimo katika daftari, vidole vikaenda bila kutazamwa, na juu ya kile kioo cheusi meza ikajitokeza upande kwa upande. Mimi meza huichora kwa penseli juu ya ubao wenyewe, na nikikosea ninageuza ubao.

Umeme ulikuwa wa groupe, jenereta ya depo, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, na siku nyingine mafuta yake ya mazutu yaliisha katikati. Aliijua sauti ya ile groupe kuliko aliyekuwa akiiwasha. Ikikohoa kidogo tu, mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwisha kubonyeza kuhifadhi, kwa vidole viwili. Nilimwona akibonyeza kwa vile vidole viwili hewani, njiani, gari lilipozimika ghafla.

Patron aliwahi kumuuliza, "Mama, ile njo kazi ninakulipia?"

"Barua zako zimeisha tangu asubui," akamjibu. "Uko na ingine?"

Hakuwa nayo. Akamwacha.

Mimi nilimuuliza kwa namna nyingine. Nilimwambia, wewe si fundi, huna mteja, hakuna aliyekuagiza, unachora vya nini? Alifikiri, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra, maana kwa kawaida jibu lilitoka kabla ya swali kuisha. "Mu barua," akasema, "ninaandika maneno ya batu. Huku ninaandika yangu."

Kitu cha kwanza alichonipa nikitengeneze kilikuwa kibao cha kukalia jikoni. Alikuja na karatasi nne zilizochapwa na mashine ya parokia, zimeunganishwa kwa gundi ya bukari, yaani ugali, bado zina unyevu.

"Menuisier, tengeneza hii."

"Niambie tu urefu, Mama."

"Hapana. Soma. Juu ya nini nilichora?" Alikuwa anauliza kwa nini.

Nilisoma kwa shida, nikakata kama alivyoandika. Miguu minne kutoka ubao mmoja wa mita moja na sentimita ishirini, kila mguu sentimita thelathini kamili. Kibao kikayumba. Akainama, akapima kila mguu na mètre yangu, akasimama na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Hii ya mwisho iko fupi. Umekosea."

"Sikukosea, Mama. Musumeno inakula."

"Inakula nini?"

"Mbao. Kila fasi inapita, inakula milimetre tatu. Mara tatu, tisa. Wewe hukuihesabia chakula yake."

Alitazama unga wa mbao miguuni pangu kama anauona leo. Halafu akaondoka mbio. Ninasema mbio, mama mzima mwenye kitenge na viatu vya kanisa, kwa sababu ilikuwa saa kumi na nusu na groupe ingezimwa. Kesho yake alileta mchoro mpya. Kati ya mguu na mguu kulikuwa na mstari mwembamba, na pembeni ameandika: njia ya msumeno, 3. Tangu siku ile hakusahau tena, na mimi tangu siku ile nilianza kusoma karatasi zake kwa heshima, ingawa sikumwambia.

Vilifuata vitu vingi. Banda la sungura lenye sakafu ya kuvuta nje. Kinara cha kuwekea kitabu cha nyimbo, kinachopanda na kushuka kwa mwimbaji mrefu na mfupi. Kitanda cha kukunja, ambacho kilinibana vidole mara mbili. Kila kitu alikichora zaidi ya ilivyohitajika. Alichora hata vichwa vya parafujo na mfereji wa bisibisi ndani yake. Kila mti ulikuwa na rangi yake kwenye kioo: mkaratusi njano, libuyu nyekundu, chuma buluu. Kitu kikikataa alisema neno moja tu, "Tunarudilia," yaani tunaanza upya, na alilisema bila huzuni, kama mwalimu anayefuta ubao.

Lakini ukienda kwake, mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Miaka yote. Nilijitolea kuurekebisha bure, akakataa, akasema atauchora kwanza. Hakuuchora. Alinifokea kwa milimita moja, na yeye mwenyewe alivaa saa iliyopungua nusu saa na kuijazia kichwani. Alikuwa Mkatoliki wa kufunga na kuungama, akisoma masomo kwa sauti ya kueleweka mpaka nyuma kabisa, lakini padri akianza kuhubiri nilimwona akitelezesha mkono chini ya benchi, akipapasa namna lilivyoungwa. Mara moja aliniita kwa ishara kutoka upande wa wanawake. Nikadhani kuna jambo. Baada ya misa akaniambia, "Bale ba benchi walitumia misumari tu, paka misumari. Unaona haya?"

Alisema haogopi wanajeshi. Hilo halikuwa kweli. Kopo la maziwa ya unga lenye disquettes zake za kuhifadhia michoro lilikaa ndani ya furushi karibu na kitanda, pamoja na sufuria moja, kitenge na chumvi, na furushi lile lilikuwa tayari kila siku ya Mungu. Risasi ikilia upande wa kilima, yeye alikuwa wa kwanza barabarani, na tukimfikia tulimkuta anahesabu watu. Kisha, ikitulia, alikuwa wa kwanza kurudi, ananung'unika kwamba saa za umeme zimepotea bure.

Kilichomnyima usingizi zaidi kilikuwa mama yake. Yule mzee aliishi Eringeti, kaskazini ya Beni, katika shamba lake la kahawa. Miguu yake ilikuwa imekufa baada ya ugonjwa wa ghafla, na alikataa kabisa kuhamia Butembo, akisema huku ni baridi na watu wanapenda pesa. Habari za upande ule zilikuwa zikiharibika kila wiki. Watu walishuka kutoka Ituri, halafu watu wa vijiji vya karibu na Eringeti nao wakaanza kushuka. Kila aliyeshuka alisema wale wasioweza kutembea walibaki.

Ndipo akaanza kuchora kiti. Kilikuwa kiti chenye mgongo, chini yake gurudumu moja tu katikati, mishikio miwili mbele na miwili nyuma, ili watu wawili wakipitishe katika njia za mguu pasipopita gari. Gurudumu lilikuwa la baiskeli, roulement, zile beringi, tulizitoa katika gari lililokufa. Cha kwanza kilipinduka na mimi ndani yake. Cha pili kilikuwa kizito kuliko mgonjwa. Mchoro alioutaka ulikuwa wa kumi na saba, na ninaujua kwa sababu aliuhifadhi kwa jina hilo: KITI17. Tulikifungua vipande, tukavifunga kwa kamba, tukapanda lori la kwenda Beni. Mke wangu hakutaka niende. Nilimwambia parafujo za kiti kile ni mimi tu ninayejua kuzikaza. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwacha aende peke yake.

Kabla ya kuingia Beni kulikuwa na barrière, kizuizi cha wanajeshi. Walitushusha wote. Mwanajeshi mmoja akafungua mzigo wetu, akaona gurudumu, vyuma, mishikio mirefu, na karatasi zilizojaa mistari, mishale na namba.

"Oyo nini?" akauliza kwa Lingala, akiinua karatasi mbele ya uso wangu. Hii ni nini.

Mwenzake akachungulia. "Ni miguu ya mortier, ya mzinga. Angalia. Na hii ni plan."

Wengine wa lori wakasogea mbali nasi. Mimi nilikuwa nimejitayarishia uongo njiani, kwamba ni kiti cha kanisa, cha kubebea sanamu ya Bikira siku ya maandamano. Sikusema neno, na hilo sijalisahau.

"Iko kiti," akasema Mama Dactylo.

"Kiti ya nani?"

"Ya mama yangu. Hana miguu."

"Hana miguu na anaenda wapi?"

"Njo juu ya ile tulitengeneza kiti."

Mmoja akacheka. Aliyeshika karatasi hakucheka. Akamwamuru apige magoti, na akapiga, kwenye changarawe, na mimi pembeni yake. Mtutu wa bunduki ulikuwa karibu na sikio langu na ulinuka mafuta. Nikamsikia Mama Dactylo akivuta pumzi kwa hasira, si kwa woga, namna ile ile alivyovuta groupe ilipozimika kabla ya saa.

"Chef," akasema, "munipatie fasi. Nitakiunga mbele yenu. Kama ni bunduki, mutaona."

Sijui kwa nini walimkubalia. Labda walikuwa wamechoka na siku ndefu. Aliunga kiti kile pale barabarani, spana namba kumi na tatu mdomoni, na mimi nikimpa vipande, na kila nilipokosea alinisahihisha kwa sauti ya kawaida kana kwamba tuko atelye. Kilipokwisha wakaniambia nikae. Wanajeshi wawili wakakamata mishikio, wakanikimbiza kuzunguka barrière, wakipiga kelele, na watu wa lori wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimelowa jasho mpaka viatuni.

Kelele zikamtoa mkubwa wao. Alikuwa kijana, labda hakufika miaka thelathini. Hakutazama kiti. Alichukua karatasi, akazitandaza juu ya boneti ya lori, na kidole chake kikaanza kufuata mistari polepole. Kikasimama mahali palipoandikwa coupe A-A, mchoro wa kiti kama kimekatwa katikati.

"Nani alichora?"

"Mimi."

"Na mukono?"

"Na ordinateur," akasema, yaani kompyuta.

Akamtazama. "Nilifanya mécanique," akasema. "Miaka mbili. Halafu shule ikafungwa." Kisha sauti yake ikabadilika ikawa ya kazi. "Utabaki hapa. Tuko na ordinateur, hakuna mutu ya kuijua. Utatuchorea barabara, milima, fasi za position za baaskari."

"Mie ninachora mbao. Milima sijue."

"Milima ni mistari tu, Mama."

"Kama ni mistari tu, uichore weye. Ulisoma."

Hapo nilifumba macho. Nilisubiri. Nilisikia upepo ukipapasa karatasi juu ya boneti, na nikasikia mkubwa yule akizikunja, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa uangalifu, kama mtu anayezikunja ili azifungue tena.

"Kiti inabaki," akasema. "Niko na bagonjwa, habawezi tembea. Na karatasi inabaki. Muende."

Tuliingia Beni kwa miguu bila kiti, bila mchoro, na disquettes ziko Butembo kwa sababu tulihofia zingechukuliwa barrière. Mimi nilitaka kurudi. Nilimwambia hivyo, nikaongeza kwamba nimechoka na vita vyake na mistari yake. Alikuwa anatembea mbele yangu, haraka, vidole vikiandika kwenye paja. Hakugeuka.

"Tunarudilia," akasema.

Kulikuwa na seremala niliyemjua karibu na soko. Alitupa kona na mbao, na gurudumu na parafujo za baiskeli mbovu. Mama Dactylo akafagia sakafu ya saruji, akaomba makaa, akafumba macho, akaanza kutaja namba. Vidole viliandika, mdomo ukasoma vilichoandika, na mimi nikachora juu ya saruji kwa ukubwa wa kweli: mgongo, kiti, mhimili, mshikio. Aliposita, alirudi nyuma namba tatu nne na kuzipita tena kwa kasi, mpaka zikatoka. Hatukukosea hata mti mmoja. Ilituchukua siku mbili, na siku ya tatu tulielekea kaskazini kwa miguu, tukisukuma kiti kitupu dhidi ya umati wa watu waliokuwa wakishuka na magodoro na mbuzi. Walitutazama kama wendawazimu. Kila mzee aliyebebwa, Mama Dactylo alimkimbilia kumtazama uso.

Tulimkuta yule mzee mjini Oicha, kabla ya kufika Eringeti, katika darasa la shule lililojaa waliokimbia. Wanawake wawili wa kwaya ya Waprotestanti walikuwa wamembeba mgongoni kwa zamu kutoka Eringeti. Alikuwa ameketi ukutani, kitenge kimefunika miguu, anaonekana amekasirishwa zaidi kuliko kuchoka.

"Umechelewa," akamwambia binti yake.

"Mama, nilikuletea kiti."

"Balinibeba Baprotestanti. Balikuwa banaimba njia yote, na mubaya sana." Akakitazama kiti. "Hii iko na gurudumu moja. Ingine iliibiwa?"

Tukamwinua, tukamketisha. Mgongo ulimkaa vizuri. Mikono ilikaa vizuri. Lakini miguu yake ilining'inia, kiganja kizima juu ya ubao wa kukanyagia. Mama Dactylo akainama, akaweka mkono wake katika ile nafasi kati ya wayo na ubao, akauacha pale. Mbele ya barrière hakulia. Hapo alilia. Alikuwa amemchora mama yake alivyomjua, mwanamke mrefu wa kupita mlangoni kwa kuinama, na mzee alikuwa amepungua bila kumwambia mtu.

"Nilimupima na macho ya zamani," akaniambia.

Nikachukua kitenge cha mmoja wa wale wanakwaya, nikakikunja, nikakiweka chini ya miguu. Tukaondoka vile vile. Njia yote ya Beni yule mzee alilalamikia kila jiwe, na Mama Dactylo, aliyekuwa ameshika mishikio ya mbele, alijibu, "Ndiyo, Mama. Ndiyo. Nimesikia," na nilimwona anahesabu vipimo upya.

Mzee aliishi Butembo miaka kadhaa baada ya hapo, akilalamikia baridi na watu wanaopenda pesa, katika KITI23, kama sikosei, ambacho kilikuwa na ubao wa miguu wa kupanda na kushuka. Na kweli walikuja wanajeshi depo kumuulizia mama wa michoro. Patron akawaambia kompyuta ilikufa zamani. Alikuwa ameificha chini ya magunia ya chumvi, na Mama Dactylo alipojua alipiga kelele kubwa kuliko ambayo wanajeshi wangepiga, kwamba chumvi inakula chuma, akaihamishia chini ya vitenge. Mwaka ule hakuchora kitu kwa miezi mingi. Alikuwa akizunguka atelye yangu, kikombe mkononi, akinichosha kwa maswali. Mazishi ya mama yake yalipopita alihamia Beni kwa jamaa zake, na ujirani wetu ukaisha bila sherehe. Siku ya kuondoka aliniambia tu kwamba bawaba za dirisha langu la nyuma nimezipachika kinyume. Nilikwenda kutazama. Ilikuwa kweli.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi. Vita vilikuwa vimebadilika majina, lakini barabara ya Eringeti ilikuwa bado ile ya watu kushuka na magodoro. Nilipeleka milango Beni, nikauliza anapokaa, wakanielekeza kwenye nyumba ndogo ya mabati yenye foleni mlangoni. Nilidhani ni ya daktari.

Alikuwa amezeeka. Miwani minene, nywele nyeupe zote. Mbele yake kulikuwa na kompyuta ya kufungua kama kitabu, waya wake umepanda mpaka kwenye sola juu ya paa. Mkabala naye walikaa mume na mke, watu wazima, nguo zao za kupewa. Walikuwa wametoka upande wa Eringeti. Nyumba yao ilichomwa.

"Menuisier," akasema, kana kwamba nilitoka jana. "Ungoje. Niko na kazi."

Nikasimama ukutani nikasikiliza. Alikuwa akiichora ile nyumba. Alikuwa akichora nyumba za watu zilizoungua, moja baada ya nyingine, wakimwambia wenyewe, bila malipo na bila kuagizwa na shirika lolote. Aliuliza kwa ukali ule ule. Mlango ulitazama wapi? Kutoka mlangoni mpaka jikoni hatua ngapi? Mume alisema dirisha la chumba lilikuwa upande wa barabara. Mke akasema hapana, upande wa migomba.

"Upande wa barabara," mume akasema. "Mie nilijenga."

"Ulijenga, lakini mie nililala ndani. Asubui jua iliingia kutoka migomba."

Wakabishana, sauti zikapanda, na watu wa foleni wakachungulia. Mume akafikiri, akakubali. Dirisha likawekwa upande wa migomba. Mama Dactylo akaandika, akahifadhi, akawageuzia kioo waone. Nyumba ilikuwa pale, mistari myeupe juu ya weusi, vyumba viwili na sebule. Mume akaikaribia mpaka pua ikakaribia kugusa.

Mke alitazama kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole nyuma ya ukuta wa chumba cha pili, mahali pasipo na kitu.

"Hapa," akasema, "utie chumba ingine."

Mama Dactylo akashusha miwani. "Ilikuwako?"

"Hapana. Haikukuwako."

"Mama, mie ninachora ile ilikuwako."

"Niko na batoto ba dada yangu sasa," mke akasema. "Wote bane. Batalala wapi?"

Mume akamgeukia mkewe, kisha akatazama sakafu. Niliviona vidole vya Mama Dactylo vimesimama juu ya vitufe vya clavier, vyote kumi, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kuviona vimesimama.

"Metre ngapi?" akauliza.

Yule mama hakujua. Akainuka, akavua viatu, akaanza kutembea kutoka ukuta wa mabati kuelekea mlangoni, wayo mbele ya wayo, akihesabu kwa sauti, na watu wa foleni wakarudi nyuma kumpisha.